Herufi, tarakimu au alama? Jaribu mipakani kwanza

Anayejifunza kuandika programu hachelewi kukutana na zoezi hili: mtu anabonyeza kitufe kimoja, programu inasema kama ni herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu au alama nyingine. Wengi hulimaliza upesi na kusonga mbele. Mimi ninapomwelekeza mtu, hapa ndipo humwambia asubiri kwanza.

Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Kwenye jedwali la ASCII, linaloipa kila herufi na alama namba yake, tarakimu 0 hadi 9 zimekaa kwenye 48 hadi 57, herufi kubwa 65 hadi 90, na ndogo 97 hadi 122. Tazama pengo lililopo baada ya Z: kuanzia 91 hadi 96 kuna alama sita, zikiwemo mabano ya mraba na mstari wa chini. Sasa mwanafunzi anaandika kwa lugha ya C sharti la kutambua herufi: c >= 'A' && c <= 'z' (yaani c, kitufe kilichobonyezwa, kiwe kati ya A na z), anaijaribu kwa m, anaijaribu kwa K na 7, majibu yote sahihi. Siku mtu akibonyeza _ programu inaitangaza kuwa ni herufi, bila haya.

Kwa hiyo achana na m na K. Jaribu A, Z, a, z, 0 na 9, kisha majirani zao wa nje: @ [ ` { / na :. Ni vitufe kumi na viwili tu, lakini vinafichua hata ile > iliyoandikwa mahali pa >=. Na kwenye masharti andika 'A', si 65. Atakayesoma kazi yako kesho hana haja ya kukariri jedwali.

Wakikuongezea irabu kwenye zoezi, chunga hii: c == 'a' || 'e' (|| maana yake "au"). Inapita bila malalamiko, ila kila kitufe kinakuwa irabu, kwa kuwa 'e' peke yake ni 101, na kwa C chochote kisicho sifuri ni kweli. Lazima c == irudiwe kila upande.

Kinachowachanganya watu zaidi ni kitanzi (loop), yaani programu inaporudia kusoma kitufe kimoja baada ya kingine. Unasoma kitufe kwa amri ya C, scanf("%c", &c), unaandika k na kubonyeza Enter, jibu linakuja sawa, halafu papo hapo linafuata jibu la pili ambalo hukuliomba: "alama nyingine". Hiyo ni Enter yenyewe, namba 10, iliyobaki ikisubiri kusomwa. Weka nafasi moja kabla ya asilimia, " %c", na Enter hiyo itarukwa. (Na kitufe cha nafasi nacho kitarukwa, kwa hiyo usitegemee njia hii kama unataka kukitambua.)

isalpha na isdigit, amri zilizo tayari za kutambua herufi na tarakimu, zipo, zitumie kazini, ila baada ya kuandika zako. Hata hizo zisome maelezo yake kwanza: kwenye lugha ya Python, "²".isdigit() hujibu True (kweli), lakini int("²"), ya kuigeuza kuwa namba, inagoma. Kama unataka tarakimu za kugeuza kuwa namba, tumia isdecimal.