Kabla ya Kuweka Daraja la Meno, Yatazame Meno ya Jirani

Watu wakiniuliza habari za daraja langu la meno huanza na bei. Mie huwarudisha kwenye meno mawili yanayopakana na pengo, maana hayo ndiyo yatakayobeba mzigo. Jino bandia la katikati, lile linaloziba pengo, halina mzizi. Limeungwa na kofia mbili, na kila kofia huvikwa juu ya jino lako mwenyewe lililochongwa, na kinachochongwa hakioti tena. Jino la jirani likiwa na tundu au fizi mbovu, litibiwe kwanza. Kama ni zima kabisa, muulize daktari kuhusu kipandikizi cha kwenye mfupa wa taya badala ya daraja, ingawa gharama yake ni nyingine.

Pengo likiachwa miaka, meno ya pembeni huliegemea na la taya ya pili linalolielekea hutokeza kulifuata. Ila ukishang'oa, ipe fizi nafasi ipone na kutulia kabla ya kuchukuliwa vipimo.

Sisi wa Pemba tunaofuata huduma hii Unguja tuna hesabu ya boti pia. Siku ya kuchongwa unaondoka na kofia za muda huku daraja lenyewe likitengenezwa, kisha unarudi kubandikwa. Siku hiyo ya pili msikate tiketi ya kurudi bandari ya Mkoani, Pemba, jioni ile ile. Mdomo ukiwa na ganzi hujui kama daraja limekaa juu mno. Lala kwa jamaa, kula chakula cha usiku, usikilize: likigonga kabla ya meno mengine, asubuhi rudi lisuguliwe. Ni kazi ndogo, lakini ukiidharau utauma vibaya kila mlo.

Na zile kofia za muda, halua haifai kabisa. Inazing'oa.

Usafi ndio wenye kazi khasa. Mswaki, hata ule wa mti, haufiki chini ya jino bandia, na uzi wa kawaida wa kusafishia meno hauingii kwa juu kwa sababu meno yameunganishwa. Tafuta uzi wenye ncha ngumu au sindano ya plastiki ya kuuvushia. Upenyeze kutokea upande wa shavu, uvute utokee upande wa ulimi, kisha usugue tumbo la jino bandia na ubavu wa kila jirani. Fanya hivyo usiku uliokula urojo, uone vipande vya bajia na muhogo vinavyotoka hata baada ya kupiga mswaki!

Bandia haiozi, linalooza ni jino lililo ndani ya kofia. Harufu isiyoisha, ladha mbaya, au upande mmoja kucheza, nenda kwa daktari, wala usijaribu gundi ya dukani. Jino la jirani lililowahi kuzibwa mzizi ndilo la kuchungwa zaidi, kwa sababu mshipa wake umeshatolewa na linaweza kuoza bila kukuuma.