Kazi ipo, tena ya maisha mazima

Dada, umeuliza kama mwanao, aliyemaliza kidato cha nne hapo Likoni na kushikilia kusomea joto la ardhi, atapata kazi. Atapata. Kazi hii ya kuipima ardhi si ngeni kwetu: Edward Bullard, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alikuja Afrika Mashariki mwaka 1933 kupima nguvu ya mvutano wa dunia Bonde la Ufa. Mwaka 1939 akachapisha vipimo vya joto la mashimo marefu ya Afrika Kusini, na baada ya vita akashiriki kuunda chombo cha kuchomeka kwenye tope la sakafu ya bahari kupima joto linalotoka humo.

Kazi yenyewe ni ya subira. Unateremsha kipimajoto shimoni, unasoma kila baada ya mita kadhaa. Kisha jiwe la humo linakatwa duara kama sarafu nene, lipimwe linavyopitisha joto. Unazidisha viwili hivyo, yaani joto linavyoongezeka kwa kila mita na jiwe linavyolipitisha, upate kiasi cha joto kinachotoka ardhini. Nchi kavu, wastani ni kama miliwati 65 kwa kila mita mraba, kidogo mno, lakini Bonde la Ufa joto liko karibu na juu. Ndiyo maana Olkaria, karibu na Naivasha, inazalisha umeme kwa mvuke wa ardhini tangu 1981.

Mwache asome, dada. Fizikia na hesabu asizilegeze.