Kabla ya kununua maua ya ndani, angalia madirisha yako

Watu wengi wakitaka kupamba sebule huanza na picha waliyoiona mtandaoni, kisha wanazunguka kwenye vitalu vya kando ya barabara kulitafuta ua lile lile. Mimi nashauri uanze na dirisha. Nyumba zetu nyingi za Dar es Salaam zimejengwa kukwepa jua: baraza pana, ukuta wa jirani uko karibu, wavu wa mbu umejaa vumbi, halafu pazia zito juu yake. Kwetu sisi ni nafuu, ila kwa mmea hilo ni giza.

Saa sita mchana zima taa, weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka chungu, kisha nyoosha mkono juu yake. Kivuli kikionekana wazi, mimea mingi ya ndani itakaa hapo vizuri. Kikiwa hafifu, chagua mimea inayovumilia. Usipoona kivuli kabisa, tundika picha ukutani na mmea uupeleke kwingine.

Kwa sehemu hafifu sijaona wa kuushinda Zamioculcas, ule wenye majani manene yanayong'aa. Wengi hudhani umetoka Ulaya kwa kuwa vitalu vya Uholanzi ndivyo vilivyousambaza duniani kuanzia miaka ya 1990. Kwao ni huku huku, Kenya, Tanzania bara na Zanzibar, hadi kusini mwa Afrika. Chini ya udongo una viazi vinavyohifadhi maji ya kuvukia kiangazi, ndiyo maana kuumwagilia kila siku ni kuuua. Chomeka kidole ndani ya udongo. Ukihisi unyevu, uache. Wangu unakaa wiki mbili hadi tatu bila tone. Shina likigeuka njano, na ukilibonyeza pale chini linabonyea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, viazi vimeanza kuoza. Ung'oe, kata sehemu yote laini, uache ukauke kivulini siku mbili tatu, ndipo uupande upya kwenye udongo uliochanganywa na mchanga mwingi.

Mwingine ninaoupenda ni isale. Wachagga huupanda kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba yao ya nyumbani, na jani lake hupelekwa kwa uliyemkosea unapoomba msamaha. Ni jamii ya dracaena, hizo hizo zinazouzwa mjini kwa bei ya kutisha. Ukiwa na ndugu au rafiki Moshi, muombe kipande cha shina, ukiweke kwenye chupa ya maji na ubadilishe maji kila wiki mpaka mizizi itoke. Sebule yenye mmea wenye historia ya watu ina uzuri ambao maua ya plastiki hayataupata kamwe.

Wanaoishi Lushoto, Arusha, Mbeya au Nairobi wana bahati ya ubaridi, kwa hiyo wajaribu urujuani wa Usambara, ua dogo linaloitwa African violet kwa Kiingereza. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani huko Usambara, ndiye aliyeupeleka kwao mwaka 1892, na leo uko kwenye madirisha ya dunia nzima. Uweke penye jua la asubuhi, na maji uyamimine kwenye sahani yake, kwa sababu yakidondokea majani huacha madoa. Joto la pwani huuchosha.

Kuhusu chombo, chochote chenye matundu chini kinafaa. Mimi hutumbukiza kopo la plastiki na sahani yake ndani ya kikapu cha milulu cha Iringa, na kona nzima inabadilika.

Muuzaji akikuambia ua fulani linasafisha hewa, nunua kwa uzuri wake tu. Maneno hayo yalitokana na utafiti wa NASA wa mwaka 1989 uliofanyika ndani ya visanduku vilivyofungwa. Nyumbani, fungua madirisha.

Na tafadhali, mwaga maji yanayobaki kwenye sahani. Mbu wa dengue hutaga humo humo, na Dar imeshaumizwa na dengue, mwaka 2014 na tena 2019. Kama una mtoto anayetambaa, dieffenbachia (ule wenye majani mapana yenye mabaka meupe) na hata Zamioculcas viweke juu asikofika: akitafuna jani, mdomo na ulimi huwaka na kuvimba.