Ratiba ya chakula husomwa kwenye pakiti ya sukari

Swali: Salaam, wahariri. Nyumbani tuko wanne: mimi, mume wangu na watoto wa miaka 10 na 14. Asubuhi tunakunywa chai ya maziwa na chapati. Mchana posho (ugali wa mahindi) na maharagwe. Saa kumi chai tena, na mandazi. Usiku matoke (ndizi za kupika) kwa mchuzi wa karanga, Jumapili nyama. Matunda tukipata. Kwa wiki natumia sukari kilo mbili na mafuta lita moja na nusu. Pakiti ya chumvi ya nusu kilo huisha kwa wiki mbili. Jirani anasema tuache posho, tule matoke tu, ndipo tutakuwa na afya. Je, ratiba yetu ni mbaya?
*Mama wa wawili, Busia*

Jibu: Dada, jirani ameionea posho bure. Posho na matoke vyote ni wanga. Hapa kwetu Uganda ukisema chakula, watu huelewa matoke, posho, muhogo na viazi; kingine chote ni mchuzi. Ndiyo maana mtu hupakuliwa matoke, wali na kiazi akadhani amekula vya aina tatu.

Umefanya vizuri kutuandikia habari za pakiti, maana majina ya vyakula peke yake yasingetusaidia. Chukua kiasi cha wiki, gawa kwa siku 7, kisha kwa watu 4.

Sukari kwanza. Gramu 2,000 zinakupa kama 71 kwa kila mtu kwa siku, yaani vijiko vya chai 17 au 18 vilivyosawazishwa. Kijiko chenye kilima huingiza karibu mara mbili. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima wa kalori 2,000 ni gramu 50, na inakuwa bora zaidi ikishuka chini ya 25. Kwenu, kilo 1.4 kwa wiki ndiyo dari, na gramu 700 ndipo pa kulenga. Soda hatujaigusa: chupa moja ya nusu lita hubeba gramu 50 hivi. Usikate yote kwa siku moja, watagoma. Acheni kutia sukari kwenye birika, kila mtu ajitilie kikombeni, na kopo la wiki lipungue robo kilo kila baada ya wiki mbili.

Chumvi inakuja karibu gramu 9 kwa mtu kwa siku, na kikomo ni chini ya 5, kijiko kimoja cha chai. Pakiti yako ingetosha siku 25 au zaidi. Vile vidonge vya kutia ladha kwenye mchuzi navyo ni chumvi.

Mafuta ni kama mililita 54 kwa mtu kwa siku: vijiko vya mezani vitatu na nusu, kalori zipatazo 440. Chapati na mandazi ndivyo vinavyoyanywa, kwa hiyo badilisha asubuhi tatu au nne ziwe za kiazi kitamu cha kuchemsha. Chagua chenye nyama ya rangi ya chungwa, kina vitamini A kwa wingi. Kazi ya kuvieneza ilimpa mtafiti wetu Robert Mwanga sehemu ya Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016.

Mahali pengine mafuta yanapopotea ni sufuria ya karanga. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na bado wengi huanza kwa kukaanga vitunguu. Jaribu hivi: gramu 200 za karanga zilizosagwa, koroga kwa maji ya uvuguvugu mpaka ziwe uji mwepesi, tia nyanya na kitunguu vibichi, bandika kwenye moto mdogo dakika 40 hivi huku ukikoroga. Moto mkali huzishikisha chini na mchuzi hukatika. Ukiona mafuta yanaelea yenyewe, umeiva.

Kuna jambo zito zaidi kuhusu karanga: sumukuvu. Ni sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yasiyokauka vizuri, huharibu ini na kuleta saratani yake, na kuchemsha hakuiondoi. Nyie wa mpakani mnakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo. Karanga zilizokwisha kusagwa sokoni huwezi kuzikagua. Nunua nzima, zimwage kwenye ungo, tupa zilizonyauka, zilizobadilika rangi na zilizoota ukungu, ndipo upeleke kusaga.

Maharagwe yabaki. Mahindi yana upungufu wa lisini, sehemu moja ya protini, na maharagwe yanayo tele. Kosa huwa ni mchuzi mwingi na punje chache: kwa watu wanne weka vikombe viwili vya maharagwe makavu, kama gramu 400. Chai isikae karibu na mlo huo, huzuia madini ya chuma kuingia mwilini; iache saa moja. Kipande cha chungwa au papai kando ya sahani hufanya kinyume chake.

Ila katika ratiba yako yote hatukuona jani hata moja, na hapo ndipo tungeanza kesho. Kila mtu mzima anahitaji angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na matoke hayahesabiwi. Dodo (mchicha), nakati (majani ya jamii ya bilinganya) au sukuma wiki iwepo kila usiku. Fungu linalojaza beseni hubaki kiganja likiiva, kwa hiyo nunua mawili, na usimwage maji yake. Mara mbili kwa wiki pika mukene, yaani dagaa. Huliwa na mifupa yake, ndiyo kalisi ya watoto. Nunua waliokaushwa juu ya wavu, la sivyo mtatafuna mchanga.

Kisha pima urefu wa mumeo kwa kamba, ikunje katikati, uizungushe kiunoni juu kidogo ya kitovu. Ncha zisipokutana, aende kituo cha afya apimwe presha na sukari. Akikutwa na kisukari au tatizo la figo, afuate ratiba ya huko, hii yetu haimtoshi.

Swali: Kila asubuhi nakula rolex (chapati iliyokunjiwa mayai ya kukaanga) ya mayai mawili. Niache?
*Kijana wa Arua*

Jibu: Usiache. Mayai mawili yana kama gramu 12 za protini. Tazama mkono wa muuzaji tu: humimina mafuta ya mayai, kisha mengine ya kupashia chapati, ambayo ilikwisha kupikwa kwa mafuta. Mwambie aipashe kavu, azidishe kabichi na nyanya, na chapati iwe moja. Siku mbili kwa wiki kula katogo, yaani matoke na maharagwe yaliyopikwa pamoja.