Re: Nina Mbps 50, mbona gemu la mtandaoni linaganda?

Ndugu, umesema gemu linaganda kila mtu wa nyumbani akianza kupakia video (kuituma mtandaoni), na unataka kununua kifurushi kikubwa zaidi. Tafadhali usitoe hela bado. Magemu mengi ya mtandaoni hayatumii hata Mbps 1. Kinachokuumiza ni ucheleweshaji: muda wa pakiti (kipande kidogo cha data) kwenda kwenye seva na kurudi.

Pima hivi. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika ping -t kisha anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1. Ukiona milisekunde zikiruka 3, 80, 5, 140, tatizo ni Wi-Fi. Chomeka waya, au hamia Wi-Fi ya masafa ya 5 GHz na ukae karibu na ruta. Ikiwa imetulia kwenye 1 au 2, sasa pingi 8.8.8.8 (seva ya Google) huku video ikipakiwa. Ikiruka kutoka 30 hadi 400, umeshampata mchawi: foleni ndani ya ruta. Video inajaza njia ya kupakia, na vipakiti vidogo vya gemu vinasubiri nyuma yake.

Dawa ni SQM, mpangilio wa ruta unaosimamia foleni ili vipakiti vidogo visikwame. Ruta ikiwa nayo, iwashe na uweke kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyopima mwenyewe, si ile iliyoandikwa kwenye kifurushi. Watu wengi hukosea hapo, wakiweka kikomo cha kupakua tu na kusahau kupakia. Ruta haina SQM? Punguza kasi ya kupakia kwenye programu yenyewe inayopakia video.

Seva ikiwa umbali wa km 6,000, milisekunde 60 za kwenda na kurudi hazikwepeki; mwanga ndani ya nyaya za fiba hukimbia takriban km 200 kwa milisekunde. Chagua seva ya karibu.