Tumepatana: nani na nani, na juu ya nini?

Ninaendesha steshenari ndogo mjini Moshi, karibu na soko la Mbuyuni, na pamoja na kutoa fotokopi huwachapia watu barua za makubaliano: za kupangishana fremu (vyumba vya biashara), kuuziana ng'ombe wa maziwa, hata kupeana zamu za maji ya mfereji. Neno linalowaponza wateja wangu kuliko mengine yote, na ambalo limeniponza hata mimi, ni kupatana.

Neno hili limetokana na kupata, likaongezewa kiambishi cha kutendana, lakini maana zake zimekwenda mbali na asili hiyo. Watu wawili wakipatana, huenda wameafikiana bei, huenda wamemaliza ugomvi, au huenda ni majirani wanaoishi vizuri tu. Methali isemayo "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kapu ukavune" inahusu ugomvi uliokwisha, ilhali dalali wa viazi anayesema "tumepatana" anazungumzia shilingi.

Wakati wa kitenzi nao hubadilisha maana. Mama mmoja kutoka Kibosho aliniomba nimwandikie mwenyekiti wa kijiji kwamba yeye na mpangaji wake walikuwa bado hawajaafikiana kodi mpya, nami kwa haraka nikachapa "mimi na mpangaji wangu hatupatani". Mwenyekiti akaita wazee, wakakaa kusuluhisha ugomvi usiokuwepo. Mama yule alirudi akaniuliza, "Mwanangu, mbona umenigombanisha na mtu aliyenisaidia kubeba mbolea juzi?" Nilipaswa kuandika "hatujapatana", yaani jambo halijakamilika, kwa sababu "hatupatani" hueleza uhusiano mbaya unaoendelea.

Kosa lililonigharimu zaidi lilikuwa katika hati yangu mwenyewe. Mimi na mdogo wangu tulitaka fremu ya pili, kodi ikiwa shilingi 150,000 kwa mwezi, nami nikaandika: "Tumepatana na mwenye fremu kuwa kodi ya miezi 6 italipwa nusu sasa na nusu baada ya mwezi mmoja." Nilipoandika "tumepatana na mwenye fremu" nilikuwa na maana ya watu wawili, mimi na yeye, kama vile mtu asemavyo "tulikwenda na shangazi" ingawa wasafiri walikuwa wawili tu. Mwenye fremu alisoma kwamba mimi na mdogo wangu, kwa umoja wetu, tulikuwa tumepatana naye. Mdogo wangu alipojitoa kabla ya mwezi kwisha, alisema hakupatana na mtu yeyote, na hati ile ile ikawa inamtetea yeye na kumtetea mwenye fremu. Shilingi 450,000 zilizobaki nikazilipa peke yangu. (Mimi na mdogo wangu tunasalimiana vizuri siku hizi, lakini biashara hatuifanyi pamoja.)

Katika mazungumzo, utata huo huisha kwa kumtazama msemaji au kumwuliza, lakini karatasi haiulizwi. Kwa hiyo andika "Mimi, fulani, nimepatana na fulani", au wataje wote kabla ya kitenzi: "Mimi, mdogo wangu na mwenye fremu tumepatana." Kisha taja jambo lenyewe, kiasi na tarehe. Wateja wengine hulalamika kwamba sentensi inakuwa ndefu, nami huwajibu kwamba natoza kwa ukurasa.

Usiandike pia "tumepatana" kabla mwenzako hajasema lake, kwa kuwa kutendana kunahitaji pande zote mbili. Mzee mmoja alitaka nichape kwamba amepatana na kaka yake kuhusu mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na nilipouliza kaka huyo yuko wapi, akasema hawajaonana tangu mavuno. Nikamshauri tuandike "naomba tupatane". Alifikiri kwa muda, kisha akacheka, akasema hilo ndilo neno la isale. Kwa Wachaga, isale ni mmea unaooteshwa kwenye mpaka wa kihamba, na jani lake hupelekwa kwa mtu uliyemkosea ili kumwomba msamaha. Linakuwa bado ni ombi mpaka mwenzako alipokee. Akaikunja barua, akalipa shilingi 1,000, akasema jani atalikata njiani, pale pale penye mpaka wanaougombania.