Jibu: Ajira za ndege Kisumu, utazijuaje?

Dada, nimekuelewa: unataka kujua kama ajira za ndege Kisumu na Eldoret zinaongezeka, kabla hujalipa karo ya kozi ya uhudumu wa ndege.

Anza na ripoti ya uchumi ya kila mwaka ya KNBS, shirika la takwimu la taifa la Kenya. Iko bure mtandaoni. Tatizo, kwenye jedwali la ajira ndege zimetiwa kapu moja na matatu, malori na maghala. Usilichukue kama hesabu ya ndege.

Afadhali uiandikie KAA, mamlaka inayosimamia viwanja vya ndege Kenya, ukitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 (wana siku 21 kujibu). Uliza idadi ya pasi (vibali vya kuingia uwanjani) za wafanyakazi wa uwanja wa Kisumu, mwaka kwa mwaka, kwa aina ya mwajiri: mizigo, usalama, mafuta, mashirika ya ndege. Pasi si lazima iwe ajira ya kudumu, lakini mwelekeo utauona.

Sasa, kozi yako: mhudumu anayetua Kisumu kila asubuhi mara nyingi kituo chake ni Nairobi, kwa hiyo hesabu ya Kisumu haikuhusu sana. Na kabla ya kutoa hata shilingi, hakikisha na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwamba chuo kimeidhinishwa. Chuo kikikuahidi kazi, waambie waiandike kwenye mkataba.